Fundi wa Kawaida

Jumatatu, 3 Machi 2025

Wakili Moraa amepiga simu nikiwa nalehemu. Ile kampuni ya kamari ya Nairobi inapinga hataza yangu, ile haki ya uvumbuzi wa mashine yangu ya dadu. Hawasemi nimeiba. Wanasema mashine yangu ni jambo la wazi — dadu za kwenye skrini zilikuwako, ngoma zilikuwako, maikrofoni zilikuwako, fundi yeyote wa kawaida angeziunganisha. Fundi yeyote! Mbona wao hawakuziunganisha?

Nimeunguza kidole. Chai imepoa, sijainywa.

Jumanne, 4 Machi

Sikulala vizuri. Mke wangu Immaculate anasema ni Mungu anakataa mambo ya kamari kwa nyumba yetu. Nikamwambia, mimi sichezi, natengeneza. Watu wa hapa Mayoni walikuwa wanalia kwamba mashine za dadu zimepangwa, mwenye mashine anaamua nani ashinde. Kwa yangu mchezaji anapiga kangoma kadogo, mashine inasikiliza mtetemo, dadu zinaanguka kufuatana na huo. Hakuna mkono unapiganga mara mbili sawasawa. Mwenyewe hana pa kuingilia.

"Si ungetengeneza jiko," akasema.

Hiki ndicho kitu pekee nimewahi kuwaza mimi mwenyewe. Hizo zingine zote narekebisha tu za watu. Wakikichukua, nitafungua redio mpaka nizeeke. Naogopa hiyo kuliko kitu chochote.

Alhamisi, 6 Machi

Moraa ana mpango. Tutafute fundi wa kawaida — asiwe mjinga, asiwe na akili za ajabu, awe hajaiona mashine. Tumpe tatizo lilelile: dadu ya umeme ambayo mwenye mashine hawezi kupanga matokeo yake. Akishindwa, tunapeleka video kwa wanaosikiliza kesi.

Nikafikiria Risper. Tulisoma pamoja chuo cha ufundi cha Sigalagala, sasa ana kibanda cha redio huko Iguhu. Lakini unamwambiaje mtu unamtafuta kwa sababu ni wa kawaida? Nilizunguka na maneno mpaka akanikata. "Sema tu. Mnataka mtu wa katikati."

Akacheka mpaka akakohoa. Amekubali, ila si kwa soda. Anataka ingokho, kuku mzima, na obusuma, ugali wake.

Itakuwa Jumamosi, hapo kwake. Siku zingine Moraa ana kesi Kisumu. Nikasema sawa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa kwa stuli, mlangoni pa kibanda. Moraa amenikataza kuongea. Simu yake inarekodi. Risper anachora nyuma ya kalenda ya zamani.

Wazo la kwanza: saa ndani ya mashine ndiyo iamue namba. Moraa akasema hiyo iko tayari, na wenye mashine wanaichezea hila. La pili: joto la mashine. Akajipinga mwenyewe — mwenye mashine ataweka feni. La tatu amelifuta kabla hatujaliona. Anauma kalamu. Namhurumia, na bado namwomba Mungu ashindwe. Sijipendi leo.

Halafu nimesikia. Mbali, upande wa hospitali. Ngoma za isukuti.

Jumamosi! Nani hapa hajui Jumamosi ni siku ya kuzika? Moraa ni mgeni, simlaumu. Lakini mimi? Mimi mwenyewe wazo lilinijia kwa mazishi ya mjomba, nikishikilia spika, ikiruka mkononi kila isukuti ikipigwa.

Nimesimama. Mlango uko karibu na mkono wangu. Nikiufunga, si itaonekana ni upepo tu? Moraa ananitazama, haelewi.

Waombolezaji wamefika hapa sokoni. Redio mbovu kwa rafu zinatetemeka zote. Risper ameacha kuchora. Ameweka kiganja juu ya spika iliyo wazi mezani, polepole, kama mama anapima homa ya mtoto.

Nimeanza kuvuta mlango.

"Wewe," amesema, hajageuka. "Hebu acha huo mlango wazi kwanza."