Jina la Wafula Kwenye Ukurasa wa Pili

Ijumaa, mwezi wa saba. Baridi ya Nairobi imeingia hadi kwenye mifupa na manyunyu hayajakoma tangu asubuhi. Nimejibanza mbele ya kompyuta ya kukodi kwenye saiba hapa mjini, nikitafuta ujasiri. Sijaupata.

Wiki nzima nimekuwa nikipitia upya masharti na ada za vibali vya kazi vya wageni. Ndiyo kazi yangu kwenye kampuni yetu ya uhandisi kule Upper Hill: mimi ndiye mama wa makaratasi. Kwenye mkutano wa Jumatatu wakubwa walilia ada tu. Imepanda, imezidi, nani atalipa. Hakuna aliyefungua ukurasa wa pili.

Mimi naujua. Pale panatakiwa jina la Mkenya anayefundishwa kazi ya mgeni, ili kibali kikiisha aichukue yeye. Mgeni wetu ni Henrik, mkuu wa chumba cha ramani. Tumemwombea kibali mara mbili, na mara zote mbili niliandika jina la Wafula, mchoraji wetu. Henrik akatia sahihi. Wafula hakuambiwa.

Wala hakufundishwa.

Nilijiambia ni kujaza nafasi tu, nani atasoma? Na katika miaka hiyo hiyo Wafula aliomba kupandishwa cheo mara mbili, akajibiwa kwamba bado hajaiva. Barua zote mbili nilizichapa mimi, kwa vidole hivi hivi. Naona aibu hata kuandika.

Leo asubuhi nimeenda uhamiaji, na afisa akaniambia, bila ukali wowote, kwamba safari hii anayefundishwa aje mwenyewe Jumatatu ahojiwe. Nikapanda hadi Kitisuru, maana Henrik ana mafua na yuko nyumbani. Mkewe akanipa chai. Henrik, mtu mpole kweli, akatia sahihi fomu mpya, yenye jina lile lile, huku akipiga chafya. "Wafula mtu mzuri," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Wewe mwambie tu aseme nini."

Ningependa awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi.

Saa ya chakula nilimwita Wafula kando. Nikamwambia jina lake liko kwenye fomu, kwamba yeye ndiye anayeandaliwa kuchukua kiti cha Henrik. Nilitegemea anikasirikie. Badala yake alinishika mikono yote miwili.

"Mama Njeri, uko serious? Mimi?"

"Ni wewe."

"Tangu lini?"

Hapo ndipo nilipoteleza. Nikasema, "Tangu wiki hii."

Alitoka mbio kwenye manyunyu, akanunua kadi ya simu, akaikwangua kwa ukucha na kumpigia mamake Bungoma. Nilimwona dirishani akicheka peke yake kama mtoto. Aliporudi, nywele zimelowa, akaniambia, "Mathe amesema asante sana. Ati Sunday atasimama kanisani akuombee, atakutaja na jina."

Sikuweza kumaliza chakula changu.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu inaishia Jumatatu. Afisa atakuwa na faili la zamani mezani, jina la Wafula limo mara mbili. Akimuuliza ameanza lini kufundishwa, Wafula atajibu kwa moyo mweupe: wiki hii. Ataujua ukweli mbele ya mtu asiyemjua. Nikimwambia mimi, huenda akakataa kwenda, Henrik akose kibali, nami nifukuzwe huku Njeri wangu yuko kidato cha pili. Naogopa. Naogopa sana, na sitajifanya vingine hapa.

Lakini nakala za zile fomu mbili ninazo kwenye mkoba, nimezitoa kwenye faili jioni hii. Ni zake kuliko zilivyo zetu.

Jumapili asubuhi mama wa watu atasimama mbele ya kanisa zima ataje jina langu. Sitaki alitaje kabla mwanawe hajajua nililofanya.

Imebaki kesho tu.