Choo cha Mstahiki Meya

Jumanne, 17 Septemba

Gamaliel, mtunzi wetu, katuletea sehemu ya tisa ya mchezo wetu wa televisheni. Tumeisoma sebuleni kwake Kitendaguro, chai ya rangi, kwa sababu maziwa yameliwa na bajeti ya playwudi. Kisa: mimi – Mstahiki Meya wa mji ambao haupo – nazindua choo cha umma sokoni. Choo chenyewe ni ukuta wa mbele tu, na milango miwili. Waziri anakuja kwenye sherehe, tumbo linamsokota, anafungua mlango mbio, anajikuta kwenye migomba. Tumecheka mpaka Projestus kamwagia chai mswada.

Projestus ndiye Mkurugenzi wangu. Kwa kweli ni mwalimu wa historia, lakini sasa hata wanafunzi wake wanamwita Mkurugenzi. Mimi ndiyo basi tena. Nikirudi Kashai jioni bodaboda wamenisimamisha: Mstahiki, mashimo ya njia hii yanazibwa lini? Nikawaambia mimi ni mwigizaji. Mmoja akajibu kwamba hata wale wengine ni hivyohivyo.

Shida ni mahali pa kurekodia. Mjini hatupati. Kila mkubwa tunayemwomba ruhusa anataka kwanza kujua kama anayechekwa ni yeye. Nikasema twende Muleba, kule Kagoma, kwenye soko dogo la ndizi anakouza mama mdogo. Pale choo hakuna hata cha kusingizia. Gamaliel kanipigia makofi. Nikajiona nina akili sana.

Alhamisi, 19 Septemba

Kagoma tangu asubuhi. Projestus na fundi wamesimamisha ukuta wetu ukingoni mwa soko. Umependeza kupita kiasi – rangi ya krimu, marumaru za kubandika, WANAWAKE kulia, WANAUME kushoto. Hata kibao cha uzinduzi kipo, na pazia dogo la bluu. Nyuma ya milango: migomba ya watu.

Wauza ndizi waliacha mikungu yao wakaja kutazama. Hawakucheka. Hilo lilinishangaza, maana sisi tulikuwa tunacheka tangu Jumanne.

Mama mdogo, Ma Kokushubila, alikuja akapapasa mlango kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Akaniuliza kama kina shimo. Nikamwambia hakina, ni cha televisheni, tukimaliza tunakibeba. Kisha akanieleza, taratibu tu, kwamba siku za soko hanywi maji. Kuanzia alfajiri mpaka arudi nyumbani – hanywi. Wenzake wengi ni hivyo. Mwenye kibanja cha nyuma, hiyo migomba, amechoka kuwakuta humo wakijisaidia, kaweka miiba. Mwaka huu daktari kamtibu yutiai, ugonjwa wa njia ya mkojo, mara kwa mara, na kila mara anamwambia anywe maji mengi.

Miaka yote nimekula ndizi za mama huyu. Sikuwahi kujua.

Aliondoka bila kulaumu. Afadhali angelaumu.

Ijumaa, 20 Septemba

Leo kichekesho cha mwaka. Diwani wa huko, Mheshimiwa Rutaihwa, kampigia Gamaliel simu. Tukajua tumekwisha, tumemkashifu kiongozi. Gamaliel kaweka spika tusikie wote.

Hakukasirika kuhusu mchezo. Amekasirika kwamba choo kinazinduliwa kwenye kata yake na yeye hana mwaliko. Gamaliel kamweleza kwamba ni igizo. Diwani kasema anaelewa kabisa, yeye ni msomi – na je, shughuli inaanza saa ngapi? Gamaliel karudia: Mheshimiwa, si choo, ni ukuta. Anaelewa. Na utepe anakata nani? Mstahiki Meya. Hapo akasema kwa upole kwamba kwenye kata yake hakuna mtu atakayekata utepe yeye akiwa hai.

Projestus kaenda kucheka nje.

Nilipendekeza tumzuie. Gamaliel akaniangalia kama nimemtukana. Anasema miaka yote anatunga madiwani, leo Mungu kamletea mmoja mzima, bure, na suti yake.

Jumapili, 22 Septemba

Misa ya kwanza. Sikusikia mahubiri. Mchana mama mdogo kapiga simu: kwao kanisani imetangazwa, baada ya matangazo ya ndoa. Choo cha soko kinazinduliwa Jumanne, watu wahudhurie. Wanawake wamenunua fagio na ndoo, wamepangiana zamu za usafi.

Nikamwuliza, si nilikuambia hakina shimo? Umewaambia wenzako?

Akasema wanajua wote. Akakata simu.

Sielewi.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimemwomba Gamaliel tuahirishe. Hataki. Watu watajaa, anasema, na tungewatoa wapi umati kama huo. Nimekariri maneno yangu. "Choo hiki ni chenu. Kitumieni, kitunzeni, kipendeni." Juzi yalichekesha.

Jumanne, 24 Septemba

Naandika ndani ya gari letu la vyombo, sokoni. Hatuwezi kuondoka. Nieleze kwa mpangilio, nisije nikasahau.

Tulifika watu wamejaa. Nikavaa joho langu la kitambaa cha mapazia na mkufu wa bati. Diwani akaja na suti ya kijivu, akanipa mkono kwa heshima kubwa, akaniita Mstahiki bila kutabasamu. Kamera ikawashwa. Tulikubaliana aseme maneno mafupi. Akahutubia. Akasema choo hiki hakikuja hivihivi, amekipigania kwenye vikao, kuna waliombeza, leo wako wapi. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuona rangi ya ukuta imemshika begani. Alikuwa anajua ni ukuta tu. Na bado sauti ilimtetemeka kwa hisia – nami ni mwigizaji, naijua ile ya kweli na ile ya kujilazimisha. Ile ilikuwa ya kweli.

Tukakata utepe pamoja, mkasi mmoja, mikono miwili. Nikasema maneno yangu. Choo hiki ni chenu. Sikuweza kumtazama mama mdogo.

Hapo zamu ilikuwa ya Aroni, Waziri wetu, aje akishika tumbo. Lakini Ma Kokushubila alimtangulia. Akajifunga kanga vizuri, akapita mbele ya kamera, akafungua mlango wa WANAWAKE, akaingia. Mlango aliuacha wazi. Wote tukamwona amesimama upande wa pili, kati ya migomba. Akageuka.

"Mheshimiwa, shimo liko wapi?"

Hakupaza sauti. Soko zima lilisikia.

Diwani alikohoa. Maikrofoni bado ilikuwa mkononi mwake. Angeweza kusema ni mchezo wa televisheni. Ilikuwa ndiyo kweli, na ingemwokoa. Akasema shimo liko kwenye awamu ya pili.

Gamaliel karibu abusu kamera.

"Awamu ya pili inaanza lini, waitu?" mama mdogo akauliza, kwa adabu zote za Kihaya.

Diwani akajibu: mara moja. Wenyewe tunajua maana ya mara moja. Lakini wanawake walipiga vigelegele, na majembe yakatokea – chini ya meza, nyuma ya mikungu, kila mahali. Walikuwa wamekuja nayo. Wakampa Diwani moja, jipya, limefungwa utepe kama ule wetu. Akapiga pigo la kwanza la picha, akatabasamu, akalirudisha. Hakuna aliyelipokea.

Akatazama gari lake. Wauza ndizi walikuwa wamepanga mikungu mbele na nyuma ya magurudumu, gari lake na la kwetu, wakakaa juu yake wanasubiri wateja, kama siku yoyote.

Sasa Diwani kavua koti. Shimo limemfika magotini. Wanawake wanapokezana wao kwa wao, yeye hakuna wa kumpokea. Ameshapiga simu, nimemsikia: anataka mchanga, saruji na fundi, leo leo, na sauti yake haina hotuba hata kidogo. Kuna mtu upande wa pili anamwuliza kitu. Diwani kajibu kwamba ndiyo, ameshazindua, sasa atafanyaje.

Gamaliel anarekodi bado. Betri ya mwisho. Projestus kaingia shimoni na suruali ya Ukurugenzi. Aroni kajificha nyuma ya gari, anaogopa kuitwa.

Dakika hii Diwani kaja dirishani, jasho tupu, akanong'ona:

"Mstahiki, kwenye hadithi yenu inaishaje?"

Nikamwambia kweli. Waziri anaangukia kwenye migomba, watu wanacheka, wanarudi nyumbani.

Akageuka kuwatazama wale wanawake. Akawatazama sana. Hakuna aliyekuwa anacheka. Akarudi shimoni.

Mvua inaanza. Nimevua mkufu, joho bado. Mama mdogo anakuja huku kwenye gari. Anakunywa maji kwenye chupa, anatembea anakunywa, mchana kweupe, siku ya soko – na mkono wa pili ana majembe mawili. Anagonga kioo. Naweka kalamu chini.