Chumba cha Mama

Buntu Rante, Toraja
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu mpendwa Sampe,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini kwamba kifua kimepona na kwamba baridi ya huko mgodini haikusumbui tena. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Mama amelala chumba chake cha kusini, nasi tunakungoja.

Ulinishauri nijiunge na mpango wa serikali wa kuziingiza nyumba ndogo za wageni mtandaoni, ili tupate fedha za nyati wa kumzikia Mama kwa heshima. Nilitii. Wilaya ilituletea mwalimu, Selvi, msichana mwenye subira kutoka pwani, akatufundisha kupiga picha za vitanda na kuwajibu wageni kwa simu. Aliponiuliza nyumba ina wakazi wangapi, nilijibu wawili: mimi, na Mama ambaye ni mgonjwa. Akaandika hivyo hivyo. Mimi sikuona la kuongeza.

Wageni walikuja hadi mashuka yakapungua. Jirani yetu, Babu Banne, alinitania kwamba mimi, mwalimu mstaafu, sasa nasahihishwa na watalii, tena kwa nyota za mtandaoni.

Kisha akaja muuguzi mmoja wa Kidenmaki. Aliniona kila asubuhi nikimpelekea Mama kahawa, akaomba amtazame mgonjwa. Nilimfungulia kwa moyo mweupe, nikamwambia Mama kwamba mgeni amekuja kumjulia hali. Yule mwanamke alimshika mkono, akapiga ukelele. Akaandika mtandaoni kwamba nimemlaza chumba kinachotenganishwa na maiti kwa ukuta mmoja tu. Maiti, Sampe! Mtu ambaye hajachinjiwa hata nyati mmoja, ambaye kwetu bado ni mgonjwa tu!

Ukurasa wetu ulifungwa. Selvi alikuja macho yamemvimba, akasema kwamba kanuni za mpango zinataka kila chumba kielezwe. Akaninong'oneza kwamba hakuna haja ya makuu, tuandike tu kwamba kile ni stoo, na mlango ufungwe. Babu Banne akadakia kwamba basi na yeye aandikwe gunia.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Nilikubali chumba cha Mama kiitwe stoo. Ukurasa ulifunguliwa siku ile ile, na wageni wakaanza kuulizia nafasi. Asubuhi nilichukua kahawa nikaenda kwa Mama. Tangu pumzi imtoke, sijawahi kuingia mle bila kumwamkia. Safari hii nilifungua kinywa, shikamoo haikutoka. Nilisimama na kikombe mkononi hadi kikapoa, nikaona kile alichokiona yule Mdenmaki. Mama amekufa, Sampe. Mama yetu amekufa.

Nimemwomba Selvi aufute ukurasa, naye ameufuta. Nyati atakuwa mmoja, yule wa kwetu. Usiendelee kukaa huko ukitafuta wengine. Njoo mikono mitupu, uingie chumbani umwamkie wewe, kwa maana mimi kila asubuhi najaribu na bado sijaweza.

Mkeo na wanao nawabusu. Babu Banne anauliza kama bado unakoroma.

Dada yako akupendaye,
Damaris