Jani la Mwisho la Ua

Magomeni

Dada Badria,

Shikamoo. Huku wazima, ni joto tu. Hina nzuri sasa naifuata Kariakoo ndani kabisa.

Nimeingia Insta. Unanijua, sikutaka, lakini mabibi harusi siku hizi wanachagua mchora hina kwenye simu, na wangu walishaanza kupungua. Mwanangu Shamsa akanifungulia akaunti. Naposti mikono tu, sura za watu sitoi.

Juzi niliposti mkono wa bibi harusi wa hapa mtaani. Watu wakasifia. Mmoja, hana jina wala picha, akaandika: "Ua la kidole gumba, jani la mwisho huachwa bila kujazwa."

Shamsa akauliza, "Mama, huyu mjuaji nimbloku?" Nikamwambia amwache.

Hilo jani marehemu mama alitufundisha sisi wawili tu, dada. Na wewe hujasema nami tangu arobaini yake, mwaka wa nne huu.

Ni kweli, nililijaza kwa haraka. La leo nimeliacha wazi. Ukiliona, usilaiki. Nipigie, namba ni ileile.

Mdogo wako,
Zamda