Turubai la Pikipiki

Baba watoto,

Maharage yako jikoni, yapashe tu. Wanao wakirudi shule wale kwanza, mpira baadaye. Nguo za kwenye kamba nimeshaanua zote, na kwa nini, unajua.

Alfajiri nilikuona kupitia dirisha. Uliyatazama mawingu kule baharini, ukaifunika pikipiki yako kwa turubai, ukaifunga kamba mpaka kwenye magurudumu. Ukaenda kazini redioni kwa miguu. Saa moja nakusikia na sauti yako ya asali: pwani yote ya kaskazini msimu wa joto umeanza vizuri, anga safi, mvua hakuna wiki nzima, wageni karibuni ufukweni. Nikajua wenye hoteli wamempigia bosi wako simu, nawe ukafyata mkia.

Basi dada yangu naye alikusikia, jirani yake kaniambia. Wengine wanamwamini mtu wa redio, yeye anamwamini shemeji yake. Katoa matofali mabichi yote bandani, kayaanika uwanjani. Jasho la mwezi mzima, na mvua ikiyakuta yanarudi kuwa tope. Nampigia hapokei, mikono yake iko kwenye udongo.

~~Chai yako iko kwenye chupa.~~ Chai nimembebea yeye.

Turubai pia nimelichukua, nakwenda kumfunikia matofali. Pikipiki nimeiacha palepale uani, wazi. Usiwe na wasiwasi nayo. Si umesema mwenyewe mvua hakuna.

Mama watoto