Kiwanja cha Kando ya Stesheni

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Vibandani, nyuma ya ghala, Minneapolis. Mbao, maturubai, jiko moja la gesi kwa wote. Leo Bi Stacy, ofisa wa nyumba wa jiji, kaja na ramani na pendekezo: vyumba Apple Valley, nje ya jiji, treni haifiki. Joto lipo, bafu lipo. Alice akakataa — kwa adabu. Ndiye msemaji wa wakazi wa vibanda, Mkenya. Anahudumia wagonjwa zamu ya usiku, hospitali iliyo kituo kimoja cha treni kutoka hapa. Gari hana. Akihamia Apple Valley, kazi imekwisha. Kazi ikiisha, na chumba kimekwisha. Wanachotaka ni kuhamia kiwanja cha kando ya stesheni, mali ya jiji. Zamani maegesho, sasa majani tu. Bi Stacy akaandika. Hakukataa!

Kikombe chake cha chai kikabaki kimejaa. Mandazi hakuyagusa. Mimi pia sikugusa. Sili kwa watu ninaowaripoti, wamenizoea.

Jumatano, 8 Oktoba

Alice na wenzake wamesitisha mazungumzo. Sababu — chai!

"Dada Ikupa, mtu akikataa chai yako amekuja kukufukuza," Alice kaniambia. "Ameshadecide. Ile map yake ni ya show tu."

Nikamkumbusha kwamba mimi pia sinywi.

"Wewe ni gazeti. Wewe si mgeni."

Kasika, fundi Mkongomani aliyejenga nusu ya vibanda, akadakia: hata wakwe waliomkataa walimaliza bia yake kwanza. Wakacheka sana. Uamuzi haukubadilika.

Nadhani najua habari ya kile kikombe. Kudhani si habari. Nitauliza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimempigia Bi Stacy. Nimemuuliza waziwazi, jibu la kuchapishwa: kwa nini hukunywa chai? Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Kanuni za kazi: hapokei chochote kutoka kwa watu anaojadiliana nao, hata andazi. Akaongeza kuwa mandazi yalinukia iliki, na kwamba alirudi ofisini na njaa.

Nimeandika yote. Mhariri alitaka kufuta iliki. Nikagoma. Imetoka jioni na iliki yake.

Ujumbe wa Alice: "Si angesema tu!"

Ijumaa, 10 Oktoba

Alice kapeleka jibu jijini. Kama hawezi kupokea, basi achange. Kwao hakuna mgeni kwenye sufuria ya mchango — kila mtu kaleta kitu, kila mtu anakula. Bi Stacy anawauliza wanasheria.

Jumanne, 14 Oktoba

Wanasheria wamekubali: Bi Stacy anaruhusiwa kuchangia kabichi. Miaka yote hii ya kuripoti, sijawahi kusoma aya ya kisheria kuhusu kabichi. Sasa nimeisoma.

Alhamisi, 16 Oktoba

Jua, upepo mkali. Bi Stacy kafika na kabichi mbili kutoka bustani ya dada yake, Woodbury. Alice kampa kisu, akakata mwenyewe. Ugali ulipoiva akauchota kwa vidole kama mtu anayeokota sarafu.

"Ah non, maman, finyanga!" — Kasika.

Alice akamwonyesha. Tonge la tatu lilifika mdomoni zima. Wakampigia makofi.

Mimi nilipeleka chumvi. Nikapewa sahani. Nikala. Kabichi nzuri.

Kisha Bi Stacy akafuta mikono na kutandaza ramani. Si ya Apple Valley. Kiwanja cha kando ya stesheni! Akasema hana mamlaka ya kuahidi. Baraza la jiji halijapiga kura. Akarudia, akinitazama mimi. Nimeandika.

Halafu akauliza: bomba la maji mngelitaka upande gani?

Alice akasogeza sahani, akainamia ramani.

Alice: upande wa reli, karibu na mlango. Kasika: reli? Upepo wote huu? Litaganda Januari, mama! Liwe ukutani. Alice: ukutani nani atatembea na ndoo, wewe? Sasa wamesimama wote, wanaelekezana kwa vidole kama kiwanja kiko hapa chini ya meza.

Bi Stacy kashika penseli juu ya ramani. Anawasubiri.