Barua Nilizokuandikia kwa Jina la Mama

Mjomba wangu,

Mama amekufa. Haya, nimelisema. Alikufa miaka miwili kabla yako, Ijumaa asubuhi, kitandani mwake hapa Kibokoni, na barua zote ulizozipata Bremen baada ya siku hiyo niliziandika mimi. Najua sasa mko pamoja na ameshakueleza mwenyewe, tena kwa kirefu. Lakini nami sina budi kulitoa mwenyewe.

Ulikuwa ndiyo kwanza umetoka hospitali kwa ule moyo wako. Daktari wa Kijerumani amekukataza chumvi, ngazi na hasira, nawe ukatuandikia kwamba chumvi na ngazi utajaribu. Wiki ile ile Mama akaondoka. Wazee wakakaa barazani wakakata shauri: asiambiwe, atashtuka atufie huko. Kila msafiri wa kwenda Ulaya akaapishwa. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkono wa Mama tangu mtoto wa jicho amzibe macho, nikaambiwa niendelee tu kuandika. Nikaendelea. Moyo wa kufanya hivyo niliutoa wapi, wallahi sijui.

Nawe ulivyokuwa ukijibu! Kurasa nane, kumi. Ule ukuta uliogawa nchi yao umeanguka, ulisema, na jirani zako wa ngazi moja bado hawajuani majina. Jumapili ni marufuku kupiga msumari, ila kengele za kanisa ruhusa. Mkate wao wataka shoka. Magoti yanalia, sukari imepanda, vitabu vyako huko wanavisoma maprofesa watatu na wote wanakosea. Ukatuuliza vyama vingi vimetuletea nini, na kabla hatujajibu ukajijibu kurasa mbili. Nilikuwa nakusoma jikoni peke yangu, nacheka, kisha nageuza kichwa nimsomee Mama.

Juzi nikaitwa posta kuchukua kifurushi chako. Bi Helga, yule jirani yako wa ghorofa ya chini, ndiye aliyekifunga. Miwani, tasbihi, kofia moja ya kazi ya mkono, na barua zangu zote zimefungwa uzi. Nikazifungua. Mjomba, una ugonjwa wewe! Karatasi haikupiti bila kuisahihisha, hata ya nduguyo. Penseli nyekundu kila mahali.

Barua ya kwanza niliyokudanganya nilianza hivi: "Ndugu yangu mpenzi, natumai u mzima wa afya." Unajua Mama alivyokuwa akianza. "Mwambie huyo baradhuli..." Siku ile nilishindwa kukuita baradhuli, nilikuwa na majonzi. Pembeni umeandika: "Dada hajapata kuniita mpenzi tangu tuzaliwe. Inna lillahi."

Ukajua. Mstari wa kwanza tu, ukajua.

Bi Helga naye ameandika, kwa Kiingereza cha kupapasa, kwamba zamani kidogo ulijifungia siku tatu hufungui mlango. Ya nne ukapika sufuria kubwa la pilau, ukagawa mlango kwa mlango, jengo zima. Yeye akadhani ni siku yako ya kuzaliwa, akakuletea keki ina mshumaa. Ukamshukuru, ukauzima. Hitima ya Mama hiyo, Mjomba, na mshumaa umezima! Nilicheka nikashika mbavu, na kicheko chenyewe ndicho kilichoniliza.

Nikaendelea kusoma. "Hasemi hivi." "Hapa angetukana." "Afadhali, afadhali." Mpaka barua ya mwisho, ile niliyokuandikia, "We baradhuli, umekula, au wajitia Mjerumani?" Pembeni umeandika maneno manne tu: "Huyu ndiye. Leo nimemsikia."

Hapo nikakasirika nawe. Nakwambia kweli, nilikasirika. Mimi nakuchunga wewe, wewe unanichunga mimi, na kila mmoja amefunga mlango wake anamlilia mtu yule yule. Miaka miwili! Hapa wote walimjua Mama mtu mzima, mwenye mji wake. Ni wewe uliyemjua msichana wa kuruka ukuta kwenda kutazama ngoma za harusi. Nilikuwa nataka kulia na wewe, Mjomba. Si na mwingine.

Sasa nikueleze la jana. Mama mdogo Rukia, kitinda mimba wenu, yuko Lamu, presha imempanda. Wazee wamekaa tena barazani, pale pale. Asiambiwe kwamba umekufa, wamesema. Kisha wakanigeukia mimi: wewe wamjua mjombako alivyo, mwandikie kama ndiye yeye.

Nimekataa. Mimi, ambaye sijapata kumpandishia mzee sauti, nimesimama mbele yao na buibui langu nikasema sitaki, sitaki, sitaki. Mmoja akaniuliza, akianguka je? Swali hilo nimelala nalo, na nina hofu. Lakini tiketi ya basi la kesho ninayo, na kwenye mkoba nimetia barua zako zote, zile za mkate na za kengele. Nitamkalisha kitandani, nitamshika mikono yote miwili, nimwambie.

Lala salama, baradhuli wetu, hapo Bremen, katika makaburi ya Waturuki waliokusalia jeneza. Ukimkasirisha Mama, mwache atukane mpaka amalize. Nami nakuahidi hili moja: hakuna tena katika ukoo huu atakayelia peke yake, maadamu nina miguu ya kumfikia.

Mwana wa dadako,
Zuhura